Kabla ya Kuisifu Ngome, Muulizie Aliyebeba Jiwe

Watu wakipanda kwenda kuona ngome ya kale juu ya kilima, wanachokisifu kwanza wakifika ni mandhari. Wanahema, wanajifuta jasho, wanaigeukia bahari na kutoa simu wapige picha. Ndivyo ilivyo Lindos, katika kisiwa cha Rhodes nchini Ugiriki, ambako ngome imekaa juu ya jabali lenye kimo cha zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa bahari. Wagiriki wa kale walimjengea hekalu pale juu mungu wao Athena. Karne nyingi baadaye wakaja wapiganaji wa kidini wa Kikristo, wale wa Mtakatifu Yohane, wakalizungushia jabali kuta zao. Mwaka 1522 Waturuki wa dola ya Osmani wakakiteka kisiwa, na ngome ikawa yao. Leo watalii wanalipa kiingilio ili nao wasimame pale waliposimama watawala hao wote.

Kwangu mimi swali la kwanza mbele ya ngome ya mlimani ni hili: nani aliyapandisha mawe haya? Kila jiwe lililo juu lilipanda kwa bega la mtu, na kila siku ambayo askari walilala ndani ya ngome, kuna mtu aliyewapandishia maji. Vitabu vinatutajia jina la aliyeamuru. Aliyebeba hatajwi. Sisi wakazi wa Mwanza tuna kilima cha namna hiyo katikati ya jiji, na tumekiacha kichakae miaka na miaka. Nasema tukihifadhi. Na tukikihifadhi, historia yake tuianzie kwa yule aliyebeba.

Kutoka kwetu Nyakato kwenda kwenye kilima hicho ni safari ya daladala moja. Unashuka mjini, unapita kati ya maduka na machinga, kisha unaanza kupanda. Kwenye ramani za wageni kilima hicho kinaandikwa kwa jina la Robert Koch, na juu yake kuna jumba kuukuu la enzi ya Wajerumani linaloitwa kwa jina la Gunzert. Ukifika juu unaelewa mara moja kwa nini watawala walipapenda. Bandari iko chini yako. Unaliona ziwa, unaiona Capri Point, unakiona kisiwa cha Saanane ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ukigeuka unaiona hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Aliyekaa pale alikiona kila chombo kilichoingia na kila msafara uliokaribia. Na mji mzima nao ulimwona yeye, asubuhi hadi jioni, yuko juu.

Kwa haki, jumba lile ni makazi zaidi kuliko boma la vita. Lakini kazi ya ngome lilifanya. Theodor Gunzert, ambaye jina lake limeganda pale, ndiye aliyeongoza utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Mwanza mpaka vita kuu ya kwanza ilipomwondoa. Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1898 serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba kote katika koloni, na asiyekuwa na fedha alidaiwa nguvu zake. Hivyo ndivyo barabara, maboma na nyumba za maofisa zilivyopata watu wa kuzijenga. Watemi wa Usukuma walijikuta wakitakiwa kutoa watu, na mtemi aliyekataa aliweza kuondolewa na kuwekwa mwingine. Mwezi Julai 1916 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji, bendera ikabadilishwa, lakini utaratibu wa mtawala kukaa juu na mwananchi kukaa chini haukubadilika.

Anayetaka kujua kazi ya kupandisha mawe ilivyokuwa asiende maktaba kwanza. Aje huku kwetu, kwenye vilima vinavyoizunguka Nyakato, awatazame wanaopasua kokoto. Wanaanza kwa moto. Wanapanga magogo na vipande vya tairi juu ya jabali, wanawasha, wanauacha moto ule mwamba mpaka usikie ukipasuka kwa ndani. Kijana anaingiza mtarimbo kwenye ufa, anausukuma kwa kifua, pande la jiwe linaachia. Kutoka hapo linakwenda kwa mama aliyekaa chini ya kipande cha turubai, miguu ameinyoosha, vidole vya mkono wa kushoto amevifunga kwa mpira wa tairi ili nyundo ikikosea isimmalize. Anagonga tangu asubuhi. Jua likihama, anahamisha turubai. Jioni fundi anakuja na gari, wanapimiana kwa ndoo, na mama anapokea fedha ambayo haitoshi hata kidogo kwa kazi aliyoifanya.

Nusu ya jiji hili imesimama juu ya kokoto za akina mama wale. Misingi ya nyumba zetu, sakafu za shule, mitaro, nguzo za maghorofa ya mjini, vyote vina jasho lao. Hakuna jengo lenye kibao kinachowataja. Nikiwatazama ndipo naelewa namna watu waliojenga majumba ya Wajerumani walivyoweza kufutika kwenye kumbukumbu. Wanafutika kwa sababu kazi ya mikono tunaiona kama hali ya hewa, kitu kilichopo tu, kisichohitaji kuandikwa. Tofauti ni kwamba mama wa leo anauza kokoto zake kwa bei, hata ikiwa ndogo. Babu wa enzi ile aliitwa, akaenda.

Jina la Robert Koch nalo lina habari yake, na ni aibu kwamba watoto wetu wanapanda kilima hicho bila kuambiwa. Koch alikuwa daktari Mjerumani, mgunduzi wa kimelea cha kifua kikuu, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikuja kwenye ziwa letu kuchunguza ugonjwa wa malale, akapitia Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Malale ilikuwa balaa la kweli. Katika miaka ile iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda peke yake, na vijiji vizima vya pwani ya ziwa vikabaki mahame. Koch aliwadunga sindano mamia ya wagonjwa waliojaa kambini kwake. Dawa yenyewe ilikuwa Atoxyl, ambayo ndani yake mna arseniki, na alipoona haiponyi sawasawa aliongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa walipofuka, na hawakuona tena. Alirudi Ulaya mwaka 1907 akiwa na heshima zake zote, na kilima cha Mwanza kikabaki na jina lake.

Sisemi jina lifutwe kesho. Nasema mtu akipanda pale ajue kwamba chini ya jina hilo wako wavuvi na wakulima wa Ssese waliopoteza macho ili kipimo cha dawa kijulikane. Halafu ageuke aitazame Bugando. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu 2003 kuna chuo kikuu cha afya kinachofundisha madaktari palepale. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaupanda mlima ule kila siku wakiwa na matumaini, na anayewapokea juu ni mtoto wa hapahapa aliyesomea hapahapa. Vilima viwili vinatazamana, na kati yake unaweza kumfundisha mwanafunzi karne nzima ya historia ya tiba katika ziwa hili bila kufungua kitabu.

Lakini tusije tukaamini kwamba ngome za mlimani ni kitu cha wageni pekee. Mwenye nafasi na apande basi la Musoma linalopita hapa kwetu Nyakato. Litampitisha Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda. Akifika njia panda ya Musoma aendelee Tarime hadi mpakani Sirari, avuke Isebania, afike Migori nchini Kenya. Kilomita kama 46 kutoka hapo, upande wa kaskazini magharibi, kwenye mteremko wa kilima, iko Thimlich Ohinga. Ni boma la mawe lililojengwa yapata karne ya 16, kubwa na lililohifadhika kuliko mamia ya mengine yaliyotapakaa katika nyanda zile za kusini mwa Nyanza. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kuta za Thimlich Ohinga zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wa kama mita moja. Ndani yake hamna saruji, chokaa wala udongo wa kushikilia. Fundi alichagua jiwe moja moja kama lilivyookotwa, akalikaza kati ya wenzake: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo ya kuzifunga pamoja. Mlango ni mfupi na mwembamba makusudi. Mtu mzima hapiti mpaka ainame, kichwa mbele, mikono ikiwa haina la kufanya, na aliye ndani ana muda wa kutosha kumtambua kama ni ndugu au ni adui. Ukishaingia unaona mazizi ya mifugo, unaona alama za nyumba, unaona mahali wahunzi walipofua chuma. Jamii zilipokezana boma lile kwa karne kadhaa. Iliyohama iliziacha kuta, iliyohamia ikazikarabati na kuendelea.

Hapo ndipo ninapoona tofauti iliyo muhimu kuliko umri wa kuta au aina ya mawe. Thimlich Ohinga waliijenga wale waliokusudia kulala ndani yake. Walibeba mawe kwa ajili ya watoto wao na ng'ombe wao, na hofu iliyowatuma ilikuwa hofu yao wenyewe. Majumba ya wakoloni vilimani waliyajenga watu ambao hawangeruhusiwa kulala ndani, na hofu iliyo kwenye kuta zake ni hofu ya mtawala dhidi ya haohao waliomjengea. Ngome zote mbili ni mawe juu ya kilima, na picha zake zinaweza kufanana. Kitu kinachozitenganisha ni jibu la swali la nani alibeba na kwa ajili ya nani.

Tanzania tunao mfano wa namna hiyo. Kalenga, karibu na Iringa, palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, yenye ukuta uliowatisha maofisa wa Kijerumani. Mkwawa alikuwa amekwisha kuwashinda pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Walipojipanga upya walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Leo kijiji kile kina makumbusho, na fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa humo. Iringa mjini nako jengo la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 limekarabatiwa, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Mgeni anayefika Iringa anaweza kuiona ngome iliyobomolewa na jengo la waliobomoa kwa siku moja, akasikia pande zote mbili. Iringa wameweza. Mwanza, jiji kubwa kuliko Iringa, tuna sababu gani?

Najua hoja za wasiokubaliana nami, na ni hoja za watu wenye akili. Wapo wanaosema jumba la mkoloni lianguke tu, kwa nini tutumie fedha zetu kutunza nyumba ya aliyetunyanyasa? Nawaelewa. Lakini jumba likianguka, mkoloni hapotezi chochote. Nyaraka zake ziko Ujerumani, zimepangwa kwenye makabati, na jina lake liko kwenye ramani. Anayepoteza ni mjukuu wa aliyebeba, kwa sababu jengo ndiyo hati pekee ambayo babu yake aliacha mkono wake juu yake. Mombasa wangeweza kuibomoa Fort Jesus. Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 mpaka 1698 na kuitwaa, Waingereza wakaifanya jela mpaka miaka ya 1950. Kila tabaka la ukuta ule ni tabaka la mateso ya mtu. Wakenya waliitunza, na leo ni shule ya wazi kwa kila mtoto anayeletwa na mwalimu wake.

Wengine wanasema hakuna fedha. Hiyo ni kweli kwa kiasi fulani. Hata hivyo Kilwa Kisiwani, ambako ikulu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14 imesimama kwenye ukingo wa jabali juu ya Bahari ya Hindi, iliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yanakula fukwe, kuta zikidondoka. Wakashirikiana serikali, wafadhili na wakazi wa kisiwani penyewe, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo. Na Unguja, Ngome Kongwe iliyowahi kuwa gereza sasa ni ukumbi wa muziki na filamu unaojaa watu. Jengo la kale likipewa kazi, linachangia matunzo yake. Likiachwa bila kazi ndipo linapokuwa mzigo.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza ni mambo yanayowezekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa waziri mwenye dhamana uwezo wa kulitangaza jengo au eneo kuwa kumbukumbu inayolindwa. Halmashauri ya Jiji iombe kilima kile kitangazwe chote, pamoja na jumba na majabali yake, ili asije mtu akakipasua kwa ajili ya kiwanja. Ukarabati ufanywe na mafundi wa hapa. Wapasua mawe wa vilima vyetu wanalijua jiwe la Mwanza kuliko mkandarasi yeyote atakayetoka mbali, na safari hii wabebe kwa malipo halali, majina yao yaandikwe.

Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, wapewe kazi ya kuzunguka vijijini wakiwa na vinasa sauti. Wazee walioiona 1916 hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo Kisesa, Magu, Misungwi na Ukerewe, na wanakumbuka walichosimuliwa: nani aliitwa kazini, alikaa muda gani, alirudi na nini, au hakurudi. Kwenye kilima cha Bujora, hapo Kisesa, tayari tunayo makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement pamoja na wenyeji. Pana ngoma za watemi, pana vyombo vya nyumbani, na pana watu waliozoea kupokea masimulizi na kuyatunza. Kilima cha mjini kiungane na kilima cha Bujora. Mgeni aoneshwe jumba la aliyetawala, halafu apelekwe kwa waliotawaliwa.

Na kwa kuwa tunazungumzia waliobeba, tusiishie kwenye waliokufa. Leo hii vilima vya Mwanza vimejaa nyumba za wananchi wa kawaida, Igogo, Mabatini, na kwingineko mpaka huku kwetu. Wengi wao wanapandisha kila kitu kwa kichwa: saruji, mabati, mkaa, na zaidi ya yote maji, wakati ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko miguuni mwao. Jiji litakalojenga kituo cha kumbukumbu kwa heshima ya wabeba maji wa 1900 huku likiwasahau wabeba maji wa sasa litakuwa halijajifunza kitu. Bomba lipande mlimani, ngazi za saruji zipande, ili mama mjamzito asishushwe kwa machela kati ya majabali usiku. Hiyo nayo ni sehemu ya kuihifadhi historia ya vilima hivi, kwa sababu inakomesha kile ambacho historia hiyo inatulaumu nacho.

Mwalimu anayepanga safari ya shule mwaka huu asingoje serikali. Awapeleke watoto kwenye kilima cha mjini, awaache waone ziwa na wafurahi. Kisha kabla hawajashuka awape kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize bibi au babu yake jina la ukoo na la kijiji walikotoka, na kama katika ukoo kuna aliyewahi kuitwa kwenda kubeba mawe ya serikali, ya Mjerumani au ya Mwingereza. Darasa moja la watoto arobaini litarudi na majina. Yaandikwe kwenye daftari, daftari lipelekwe kwa Halmashauri, na siku jumba lile litakapokarabatiwa, kibao cha kwanza mlangoni kianze na majina hayo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, juu ya jina la Gunzert.